Majina Saba Yaliyonitangulia Kibakwe

Nimerudi juzi Jumapili jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, na tangu hapo simu haijapumzika. Kila mmoja wenu anataka kujua kilichotokea, na kila mmoja nimemjibu kipande: huyu nimemsimulia korongo, yule nimemsimulia watu na ndoo zao, mwingine nimemsimulia chakula tu maana ndicho alichouliza. Sasa nimekaa chini niandike yote mara moja, msome wenyewe, na mimi nipumue.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Mambo yameishia pazuri, na tangu jana natembea mwepesi, hata mwenye nyumba wangu kaniuliza nimepata nini. Ila yalikaribia kuharibika, na aliyekaribia kuyaharibu ni mimi. Jina la kijiji sitalitaja, na binti nitakayemwita Upendo haitwi hivyo. Mkifika mbele mtaelewa kwa nini nimekuwa mgumu wa majina.

Kwa wale wanaodhani kazi yangu ni kugawa mablanketi: kazi yangu ni kukutanisha watu. Kijijini mwalimu anajua mtoto fulani ameacha kuja shule. Nesi wa zahanati anajua mama wa mtoto huyo anaumwa. Mtendaji wa kijiji anajua kuna mgeni anayezungukazunguka kutafuta mabinti wa kazi. Kila mmoja ana kipande chake, na hawajawahi kukaa benchi moja. Mimi nawakalisha, mapema, kabla kijana hajapotea.

Safari hii ilianza kwa simu ya Mwalimu Josefina, mwalimu wa malezi wa sekondari ya huko. Upendo, miaka kumi na tano, kidato cha pili, wiki tatu hajaonekana darasani. Baba hayupo, mama ana kidonda cha mguu kisichopona. Na kuna mwanamke anayepikia wachimbaji kwenye machimbo ya dhahabu, ambaye huja na gari siku ya mnada wa mwezi kuchukua mabinti wa kuosha vyombo. Mwaka jana alichukua wawili. Mmoja alirudi na mimba na kikohozi. Wa pili hajarudi.

"Mnada ni Jumamosi," Mwalimu Josefina akasema. "Ukija Jumapili usijisumbue."

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Muda uleule nikamtumia mtendaji wa kijiji majina saba ya vijana ambao mwalimu na nesi walikuwa na hofu nao, Upendo akiwa wa kwanza, nikamwomba awaarifu wazazi wao kwamba nakuja. Juu ya karatasi niliandika kwa herufi kubwa: VIJANA WANAOHITAJI MSAADA WA HARAKA. Akajibu, "Imepokelewa, afisa." Nikajiona mchapakazi.

Dodoma hadi Mpwapwa

Alhamisi asubuhi basi liliondoka kwa wakati, jambo lililonitia shaka. Shaka yangu ikajibiwa baada ya saa moja, tuliposimama kwenye kijiji kimoja na kondakta akapanda juu ya paa. Kumbe huko juu tulikuwa tumebeba viti vya harusi. Viti vya plastiki, vyeupe, vya kukodi, na mpokeaji alikuwa mzee mmoja mwenye koti zito ambaye hakukubali hata kimoja kiguse chini kabla hajakikagua miguu yote minne. Abiria wakaanza kuguna. Mzee akatugeukia kwa utulivu kabisa.

"Mkiolewa ninyi, mtataka wageni wakae chini?"

Vijana wawili wakashuka kumsaidia kukagua, na mimi nikashuka kununua karanga. Jirani yangu wa kiti, mama aliyekuwa akirudi kumwona mjukuu, akanigawia zabibu kutoka kwenye mfuko uliokuwa umeshalowa. Tulikula zabibu na karanga kwa pamoja na kuviangalia viti vikishuka. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimezoea kuona kijani kila upande, na miaka yote hii bado nashangaa jinsi nchi hii kavu inavyotoa tunda tamu kiasi kile. Mpwapwa tulifika saa nane, badala ya saa tano. Basi dogo la kwenda Kibakwe lilikuwa likinguruma, nikaingia bila hata kunawa uso.

Gulwe, na korongo

Tulipita Gulwe, tukavuka reli, na mbele kidogo tukakuta foleni ya magari imezima injini. Korongo lilikuwa limejaa. Mbingu nyeupe, jua kali, hata wingu la kusingiziwa hakuna, na hapo mbele yetu maji mekundu yanapita kwa kasi yakibeba vichaka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, huko tusikokuona, na maji yalikuwa ndiyo kwanza yanafika.

"Yatapungua saa ngapi?" nikamuuliza dereva.

"Yakipungua tutaona."

Nikahesabu kwa vidole. Alhamisi alasiri. Mnada Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa tumbo langu halijui kutofautisha hofu na njaa, nikarudi kwenye kibanda cha mama lishe jirani na reli.

Mama huyu alikuwa mtu mzima, mnene, amefunga khanga juu ya sketi, na sufuria zake zilikuwa safi kuliko zangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia kwa furaha, akaninawisha, akaniwekea ugali wa uwele na bakuli la mlenda, mboga ya majani inayoteleza. Kisha, kama ilivyo desturi, akataka kunijua.

"Unakwenda kwa nani Kibakwe, mwanangu?"

"Sina ndugu huko, mama. Kuna binti wa miaka kumi na tano nataka nimuwahi kabla ya mnada."

Mwiko ukasimama.

"Umuwahi umpeleke wapi?"

Kabla sijameza tonge, sahani yangu ilikuwa imeshavutwa upande wake wa meza. Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa chai wakahamia benchi langu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nikachelewa kuelewa. Mwanamke mgeni, begi kubwa, hana ndugu, anatafuta binti: ningekuwa mimi ningejishuku.

Nikatoa kitambulisho cha kazi. Akakitazama mbele na nyuma.

"Hata yule wa mwaka jana alikuwa na kitambulisho."

Nitakiri kwamba nilikasirika. Nimesomea kazi hii, nimelala kwenye madawati ya shule ngapi, halafu nashikiliwa mateka na muuza mlenda! Nikaanza kujieleza kwa ukali, na kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo nilivyozidi kufanana na mhalifu. Mwisho nikampigia nesi Agnes wa zahanati ya kijiji, nikaweka sauti ya nje. Agnes akasema "Mbukwenyi," kama Wagogo wanavyosalimia watu wengi, wakaongea Kigogo kwa muda mrefu usio wa lazima, wakacheka mara mbili, na nina hakika mara zote walinicheka mimi. Sahani ikarudi. Safari hii ilikuwa na mlenda mara mbili na kipande cha samaki mkavu ambacho sikukiagiza.

"Usinikasirikie," mama akasema. "Wanapita hapa wengi, na mimi sina cha kuwazuia nacho isipokuwa chakula."

Hasira ikaniisha palepale. Nikamwomba namba yake ya simu, nikaiandika, na ninavyowaambia sasa yumo kwenye mpango wa kazi wa robo hii. Korongo halikupungua siku ile. Tulilala Gulwe.

Korongo hadi Kibakwe

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa ya magotini. Kijana mmoja alitangulia na fimbo akipima mchanga, trekta likafuata likivuta lori, halafu lori likavuta basi letu. Abiria tulivuka kwa miguu, viatu kichwani, na mchungaji mmoja aliyekuwa na suruali nyeupe alibebwa mgongoni na muumini wake huku akitoa maelekezo. Hatukucheka mpaka alipofika ng'ambo.

Toka hapo barabara inapanda vilima, hewa inabadilika, unaanza kuona mashamba ya maharage yaliyoshikilia miteremko. Ningefurahi sana kama simu isingeshika mtandao. Ulikuwa ujumbe wa Agnes: "Dada njoo haraka. Watu wamejaa ofisini kwa mtendaji wanakusubiri wewe."

Nikafikiri, sawa, familia saba na majirani. Kibakwe nikashuka basini, nikapanda bodaboda ya kwenda kijijini, nikamwambia dereva akaze mwendo.

Kijijini

Walikuwa zaidi ya watu mia. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, kwenye ngazi, kwenye matofali, juani. Vijana wao walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Na kila mtu alikuwa na chombo: ndoo, kiroba, beseni, dumu la lita ishirini lililokatwa mdomo. Bodaboda ilipozima, wakapiga makofi.

Mtendaji akanipokea akiwa anang'aa kwa furaha. Ni mwanamume makini, kalamu mbili mfukoni, ofisi yake imefagiliwa.

"Afisa, hamasa imekuwa kubwa mno."

"Hamasa ya nini?"

"Ya mgao."

Akanipeleka kwenye ubao wa matangazo. Karatasi yangu ilikuwa pale, imegongwa muhuri, majina saba yanasomeka toka barabarani. Jumanne alipiga kengele, akakusanya kijiji, akasoma jina moja moja kwa sauti. Nikamuuliza kwa nini, na jamani, sauti yangu haikuwa nzuri. Akanishangaa kwa dhati.

"Afisa, orodha yoyote ya msaada inayotoka juu lazima isomwe hadharani. Nisipoisoma watasema nimeficha, nimeweka ndugu zangu. Mwenzangu wa kijiji cha pili aliondolewa kwa kosa hilo."

Alikuwa sahihi kabisa. Huko orodha ni chakula cha njaa, ni mbegu, ni fedha za kaya maskini. Orodha isiyosomwa ni wizi. Mimi ndiye niliyeandika "msaada wa haraka" kwa herufi kubwa nikamtumia mtu mwaminifu bila kumwambia ni siri. Wazazi sita kati ya saba walikuwapo, mbele kabisa, na viroba vyao. Wengine wote walikuja kulalamika kwamba wao wameachwa. Mama Upendo hakuwapo.

Agnes akanishika mkono, akanipeleka nyumbani kwa mama huyo.

Nyumba ni tembe ya paa bapa la udongo, fupi, imara, imekandikwa vizuri. Mama Upendo alikuwa ukumbini, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anamenya karanga. Ni rika langu. Alimkaribisha Agnes akae. Mimi hakuniambia kitu, nikabaki nimesimama.

"Huyu ndiye aliyetuma karatasi?" akamuuliza Agnes.

"Ni mimi," nikasema.

Akaendelea kumenya. Halafu akazungumza bila kuniangalia, Kiswahili chake kikitoka polepole, kila neno limechaguliwa.

"Nalima mwenyewe. Fedha za mambo ya shule natafuta mwenyewe. Kanisani nasimama mstari wa mbele, naimba. Jumanne nikasomwa. Wa kwanza. Watu wakageuka wakaniangalia mguu."

"Upendo yuko wapi, mama?"

"Kwa shangazi yake. Kesho ana safari." Hapo akaniangalia. "Yule mwanamke wa machimbo alikuja mwezi uliopita, nikamfukuza hapa hapa mlangoni. Jumanne nimemtumia salamu, nikamwambia aje amchukue. Mtoto akafanye kazi, nisisomwe tena."

Nimeandika sentensi hii mara tatu nikaifuta: mama alikuwa amemkatalia yule mwanamke, na karatasi yangu ndiyo iliyomfanya akubali. Nilisikia aibu. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya udongo na kumwomba msamaha, wala sikujali cheo.

"Usinipigie magoti humu ndani," akasema. "Humu hakuna anayekuona. Mlinisoma mbele za watu. Mnifute mbele za watu."

Sasa, najua mtaniuliza habari za mgambo na polisi. Ndiyo, tungeweza kumzuia mtoto kwa nguvu siku ile. Lakini mwezi unaofuata kuna mnada mwingine, na mimi ningekuwa Dodoma. Mlango wa kumzuia Upendo ulikuwa mama yake, na mlango huo niliufunga mimi mwenyewe.

Tukarudi ofisini. Watu bado walikuwapo. Nikapanda ngazi, nikaibandua karatasi, nikaichana mbele yao. Nikasema hakuna mgao. Nikasema kosa si la mtendaji, ni langu. Nimetaja nyumba za watu kwa jambo lisilo la kutangazwa, na kila aliyesomwa Jumanne namwomba radhi, yeye na nyumba yake. Kisha mwanamume mmoja akanyanyua beseni lake.

"Kwa hiyo mimi nirudi nalo tupu?"

Kicheko kikapasuka, lakini hakikuwa cha kunifurahia. Wakaanza kunyanyuka. Hapo mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Basi hao saba ulitaka kuwafanya nini?" Nikaeleza: kukaa na kijana asiyetaka shule, kujua kwa nini, kumwunganisha na ufundi, na matibabu, na mtu wa kuzungumza naye, kabla hajachukuliwa na mtu asiyejulikana.

"Na wangu haendi shule tangu mavuno. Yeye hahitaji?"

Kabla sijajibu, Agnes, ambaye kijiji kizima kinamheshimu, mwenye nyumba ya bati na umeme wa jua, alisimama akasema kwa sauti ya kuita wagonjwa: "Afisa, andika wa kwangu kwanza. Ana miaka kumi na sita na haongei na mimi. Andika."

Nikafungua daftari nikaandika. Mtendaji akakohoa, akarekebisha kalamu zake, akataja mwanawe. Halafu yule wa beseni. Halafu wote. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi, majina sitini na kitu, na Mwalimu Josefina alipotoka shuleni akanipokea kalamu. Upendo hatukumwandika. Hilo tulimwachia mama yake.

Mnadani

Jumamosi kulikucha bila habari yoyote kutoka tembe. Mnada ulijaa mapema: ng'ombe upande wa bondeni, nguo na masufuria upande wa barabara, moshi wa nyama katikati. Mwalimu Josefina, Agnes na mimi tulikaa na mabakuli ya supu ambayo hakuna aliyeigusa, na nyinyi mnanijua mimi na supu.

Gari likaja, pikapu ya bluu. Mwanamke aliyeshuka alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri, anawasalimia wazee mmoja mmoja. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nyuma ya duka la chumvi nikamwona binti mrefu na furushi, amesimama na shangazi yake, amevaa raba mpya nyeupe zilizomzidi kidogo. Josefina akanibana kiwiko: ndiye.

Nilikuwa nimeshanyanyuka pikipiki ilipoingia katikati ya watu ikipiga honi. Mama Upendo alikuwa nyuma, mguu umefungwa kitenge, amejipaka mafuta, amevaa sare ya kwaya. Akashuka kwa shida, akamkataa kila aliyetaka kumshika, akatembea hadi kwa binti yake.

"Vua."

Upendo akavua raba. Mama akazichukua, akazipanga juu ya boneti ya pikapu, kiatu cha kulia na cha kushoto.

"Viatu vyako hivi. Asante. Mwanangu haendi."

"Dada, si tulikubaliana?" yule mwanamke akasema, bado anatabasamu. "Wewe mwenyewe ulituma salamu."

"Nilituma. Sasa ameandikwa."

"Ameandikwa wapi?"

"Kule walikoandikwa wote," Mama Upendo akasema, na kwaya nzima ingemsikia. "Mtoto wa mtendaji, mtoto wa nesi. Na wangu." Akanigeukia. "Afisa, umeleta hilo daftari?"

Nilikuwa nalo. Nikaandika nimesimama, daftari juu ya mgongo wa Agnes, na herufi zilitoka kama za mtoto wa chekechea. Pikapu iliondoka mtendaji alipofika na mgambo kuchukua namba zake. Suala hilo sasa liko mahali panapohusika. Supu ilikuwa imepoa na kuganda mafuta. Nilikunywa mabakuli mawili.

Kurudi

Jumapili tulishuka pamoja, Mama Upendo na mimi, yeye kiti cha mbele na mguu wake. Agnes alikuwa ameandika barua ya rufaa kwa hospitali ya Mpwapwa mara mbili huko nyuma, na mara zote mama alikataa kwa sababu hakuna wa kubaki na binti. Safari hii Upendo alibaki kwa Mwalimu Josefina. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu, utadhani tulilisingizia. Njia nzima mama alinifundisha wimbo wao wa kwaya, akanikosoa sauti bila huruma. Nilimwacha wodini amepewa kitanda karibu na dirisha.

Jana Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, nilikuwa nafungua ofisi ujumbe wa Josefina ulipoingia, ametoka kuita majina darasani. Ulikuwa na maneno mawili. Nikampigia Mama Upendo wodini, nikamwambia nina ujumbe wa mwalimu.

"Usome," akasema.

"Upendo yupo."

Nilisikia magurudumu ya kitoroli cha dawa na mtu akikohoa.

"Subiri," akasema, na nikamsikia akiwaambia wenzake wa vitanda vya jirani wanyamaze. "Sasa soma tena. Kwa sauti."